Vyuma vikikaza Kigoma: dagaa, mawese au cherehani?

Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali lilelile na watu watatu. Wa kwanza alikuwa mlinzi wa ghala la shirika moja kule Kasulu. Wa pili ni mama lishe aliyekuwa akipika karibu na geti la ofisi hiyohiyo. Wa tatu ni shemeji yangu wa Gungu, ambaye hajawahi kuajiriwa na shirika lolote, ila wateja wake waliajiriwa. "Nimebakiwa na laki tano. Niiweke wapi?"

Wote watatu nimewajibu vibaya, maana niliwajibu tukiwa tumesimama njiani. Hapa nimekaa, kwa hiyo nitajaribu vizuri zaidi.

Hali yenyewe mnaijua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na baadaye sehemu kubwa ya misaada hiyo ikafutwa moja kwa moja. Sehemu nyingi za nchi yetu ilikuwa habari ya redioni. Kwetu, wenye kambi za wakimbizi, Nyarugusu upande wa Kasulu na Nduta upande wa Kibondo, ilikuwa ni dereva, mlinzi, mkalimani, mwenye nyumba ya kupangisha, na muuza chapati aliyekuwa akiwategemea hao wote. Mshahara mmoja ukikatika Kasulu, kuna mtu wa soko la Mwanga anabaki na nyanya zake mpaka zinaoza.

Wapo watakaokwambia nyakati ngumu ndizo huzaa matajiri, na watakutajia Airbnb, kampuni ya kupangisha nyumba mtandaoni, iliyoanzishwa mwaka 2008 wakati mabenki ya Marekani yakianguka. Ni kweli ilianzishwa mwaka huo. Lakini waanzilishi wake walipata wawekezaji, na wewe una laki tano na ada ya mtoto inayokuja Januari. Tuongee ya kwetu.

Nitalinganisha vitu vitatu ambavyo nimevifanya au nimevishuhudia kwa karibu: kukausha na kuuza dagaa, biashara ya mawese pamoja na sabuni yake, na cherehani (ukipenda weka hapo ufundi wowote wa kutengeneza vilivyoharibika). Siulizi kipi kina faida kubwa, maana faida kila mtu anaitaja anavyotaka. Nauliza pesa itarudi mkononi baada ya siku ngapi, na ni nani atakayeirudisha ikiwa mji mzima hauna hela.

Dagaa

Nianze na dagaa kwa sababu ndio kila mtu anaowafikiria kwanza, na kwa sababu wamewahi kunila.

Nenda mwalo wa Katonga alfajiri. Mitumbwi inaingia kabla jua halijatoka, taa za usiku bado ziko juu ya miti yake, na kina mama wameshasimama ndani ya maji mpaka magotini wakiwa na mabeseni. Bei inapangwa pale pale kwa sauti. Saa kumi na mbili mvuvi anaringa. Ikifika saa mbili, kama bado ana mzigo, anaanza kukuita "mama yangu", kwa sababu dagaa mbichi hawamsubiri mtu. Nafuu yako ya kwanza iko hapo: pesa taslimu mkononi, na uvumilivu wa saa mbili.

Baada ya hapo wanaanikwa. Kuna wanaomwaga kwenye mchanga na kuna wenye chanja, yaani meza ya miti na wavu iliyoinuliwa kimo cha kiuno. Dagaa wa chanjani hukauka juu na chini kwa pamoja, hawabebi mchanga, na hubaki na ule weupe wa fedha. Jua likiwa kali, jioni ukiwachota kwa kiganja wanalia kama majani makavu, na hapo ujue tayari. Wabichi kilo tatu mpaka nne hukupa kilo moja ya wakavu. Hesabu hiyo iweke kichwani kabla hujafurahia bei ya beseni.

Ubora wa dagaa katika kipindi kama hiki ni kwamba mteja wako wa mwisho haishi Kigoma. Yuko Dodoma, yuko Dar es Salaam, na anajua tofauti ya dagaa wa ziwa letu na wengine. Mji wetu unaweza kukauka kabisa lakini yeye bado anapokea mshahara wake. Kwa mtu wa mwisho wa reli, hiyo ni pesa inayoingia kutoka nje badala ya kuzunguka mifukoni mwetu ikipungua.

Sasa mabaya yake, na ni mengi.

La kwanza ni ziwa lenyewe. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Sina ugomvi na kufunga ziwa, aliyevua miaka ishirini anajua jinsi mzigo ulivyopungua. Ila tazama kalenda. Kuanzia Juni mpaka Septemba ndio kiangazi chetu, jua la kuanikia liko tele, na sehemu kubwa ya jua hilo ikaangukia siku ambazo ziwa limefungwa. Linapofunguliwa una miezi miwili hivi ya anga safi, kisha mvua hizo. Kwa hiyo yeyote anayekuonyesha hesabu ya dagaa ya miezi kumi na miwili, muulize ya miezi tisa. Na kabla hujaweka hata shilingi, waulize BMU (kikundi kinachosimamia uvuvi) wa mwalo wako tarehe za mwaka huu.

La pili ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Kila mwezi kuna siku ambazo utakaa na pesa yako ukiitazama, na pesa inayotazamwa nyumbani kwenye shida huliwa.

La tatu ni mvua, na hapa niseme yaliyonipata. Desemba moja niliweka laki tatu kwenye mzigo uliokuja kwa bei ya kutupa. Sikujiuliza kwa nini wazoefu wote wamekunja mikono. Nilianika asubuhi, saa sita wingu likapanda kutoka upande wa Kongo, nikafunika na turubai. Mvua ilipiga mpaka usiku, ikarudi kesho yake, na keshokutwa. Dagaa waliofunikwa wakiwa nusu wakavu hutoa jasho. Siku ya tatu nilipofunua walikuwa wa njano, wanakatika vichwa, na harufu yake jirani aliisikia kabla yangu. Walinunuliwa na mfugaji wa kuku wa Mwandiga. Kuku wale walikula vizuri sana mwaka ule.

La nne ni dogo lakini linauma: mzigo ukishapanda basi kwenda Dar, mnunuzi anakutumia nusu kwa simu na nusu "nikishapokea". Nusu ya pili ina safari ndefu kuliko gunia.

Mawese

Mawese ni biashara ya mtu mwenye subira, na shida haina subira. Hilo ndilo tatizo lake lote.

Utaratibu wake wakulima wa Simbo na Mahembe wanaujua kuliko mimi. Msimu wa mikungu mingi, kila kinu kinakamua, madumu yanajaa, bei inashuka. Anayenunua wakati huo na kuweka mpaka msimu upite, anauza kwa bei nyingine. Mafuta hayaozi kama dagaa, na hayaogopi mbalamwezi. Yanachoogopa ni maji na uchafu. Dumu lililobaki na maji kidogo chini, au mafuta ya chikichi zilizorundikwa siku nyingi kabla ya kuchemshwa, huchachuka na kukwaruza koo. Kwa hiyo nunua kwa mtu unayejua anavyokamua, na onja. Usione aibu kuonja.

Mwaka 2022 ulitufundisha jambo moja. Vita vya Ukraine vilipandisha mafuta ya alizeti, halafu Indonesia, nchi inayozalisha mawese mengi kuliko zote duniani, ikazuia kuuza nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Mafuta ya kupikia ya dukani yalipaa, na watu waliokuwa wakiyaona mawese ni chakula cha bibi wakarudi kwa bibi. Mwenye madumu ndani alicheka. Yaani mawese ni kama kinga: yanapata thamani pale maisha ya wengine yanapopanda. (Najua kuna mtu atasema hao wa huko walichukua mbegu Kigoma. Miche minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848 asili yake ni Afrika Magharibi, na mchikichi wenyewe ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati. Tusigombane.)

Lakini laki tano iliyokaa kwenye madumu kwa miezi minne, mitano, haikununulii unga wiki hii. Nimeona watu wawili wakinunua mafuta kwa hesabu nzuri kabisa, halafu mtoto akaugua, wakauza katikati ya msimu kwa bei ileile waliyonunulia, ukitoa nauli. Hesabu haikuwa na kosa. Nyumba ndiyo haikuwa na akiba ya kuisubiri hesabu.

Njia ya kuyafanya mawese yazunguke haraka ni kuyapunguza au kuyageuza. Kuyapunguza ni kuuza kwa vipimo vidogo. Watu wakikosa hela hawaachi kupika, wanapunguza kipimo: aliyenunua lita ananunua robo, aliyenunua robo ananunua ya mchuzi wa leo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019, mteja huja na kikombe chake au chupa ya maji iliyotumika, na muuzaji mwenye faneli na kitambaa safi cha kufutia ndiye anayerudiwa. Faida ya tone kwa tone ni nzuri kuliko ya dumu zima, ila utakaa hapo mezani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka taa za magenge ziwashwe.

Kuyageuza ni sabuni. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 140 za kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji, na kupima kwa mizani ndio biashara yote. Ukizidisha, sabuni inachuna mikono ya wateja na hawarudi. Ukipunguza, inabaki na mafuta. Soda ndiyo huwekwa ndani ya maji, usimwage maji juu ya soda, na watoto wawe mbali, maana inaunguza ngozi na macho vibaya. Mche ukishaganda unakatwa kwa waya, unaachwa siku kadhaa ukomae, unauzwa kipande kipande. Vyuma vikikaza, wanaofulia sabuni ya unga ya paketi wanarudi kwenye mche. SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani hufundisha kazi hii, na ukitaka kuuza nje ya mtaa wako ndiko pa kuanzia kabla ya kwenda TBS, shirika la viwango.

Cherehani

Hapa sina hadithi ndefu, nina kola moja.

Fundi mmoja wa Mwanga, karibu na sokoni, nilimpelekea shati jeupe ambalo kola imelika mpaka nyuzi zinaonekana pale inapokunjwa. Nilifikiri atanicheka. Alichukua wembe, akafumua mshono unaoshika kola kwenye shingo, akaitoa nzima, akaigeuza upande wa chini ukawa juu, akairudisha kwenye mshono uleule na kupiga cherehani mara mbili. Dakika kama kumi na tano. Shati likawa jipya mbele za watu. Nikamuuliza siku hizi anageuza ngapi. "Zamani moja kwa mwezi, labda ya mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Sasa hivi nguo mpya sishoni sana. Nashonea watu za zamani."

Huo ndio ufundi wakati wa shida. Mtu asiyenunua simu mpya anabadili kioo. Asiyenunua baiskeli anabadili spoki. Sare ya shule inayorithiwa na mdogo mtu inahitaji kupunguzwa. Kazi mpya zinapungua, za marekebisho zinaongezeka, na hizo za marekebisho hulipwa siku hiyohiyo kwa sababu mtu anataka kitu chake arudi nacho.

Mtaji wake hauozi. Cherehani ya mkono wa pili ukiitunza inakuzika, na ukishindwa kabisa unaiuza. Jaribu kumuuzia mtu dagaa wa njano.

Ubaya wake ni kwamba ujuzi haununuliwi na laki tano wiki hii. Chuo cha ufundi cha VETA Kigoma wana mafunzo, na kuna kukaa chini ya fundi miezi kadhaa ukifagia na kushona vifungo. Kipindi hicho huingizi kitu. Na hata ukishajua, mteja hamwachii mgeni suruali yake ya harusi, kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili utafanya zipu tu. Kuna na wale wanaoleta nguo, unashona, hawaji kuzichukua. Fundi wangu ana kamba nzima ya nguo za watu ambazo kwake ni uzi uliotumika bure. Siku hizi anachukua nusu kabla, na nadhani amefanya sawa.

Ukiziweka sambamba

Kwa kasi ya pesa: cherehani ni siku hiyohiyo, lakini kidogo kidogo. Mawese ya kupima ni siku hiyohiyo vilevile. Sabuni ni wiki moja na zaidi. Dagaa ni siku tano mpaka wiki mbili ukijumlisha safari na ile nusu ya pili. Mawese ya kuweka ni miezi.

Kwa anayekulipa: dagaa hulipwa na watu wa mbali wenye vipato, na katika hili haina mpinzani. Hizo nyingine zinalipwa na majirani zako ambao nao wamebanwa. Tofauti ni kwamba fundi anamuuzia jirani njia ya kutonunua kipya, na mwenye mawese anamuuzia kisichoachika.

Kwa kinachoweza kukuangusha kwa siku moja: dagaa, mvua. Mawese, dumu lililochachuka, ila unaweza kuligundua mapema kwa kuonja, na lililoanza kuharibika bado linafaa sabuni. Cherehani, labda umeme ukiwa na mashine ya umeme, au mwizi. Mvua ikinyesha fundi anashona.

Kwa mwili: sijui kwa nini watu hawalisemi hili. Dagaa ni kuamka saa tisa usiku na kusimama majini. Mama mwenye mtoto wa miezi minne akiniuliza, simpeleki Katonga hata kama hesabu inamruhusu.

Halafu pesa yenyewe imetoka wapi? Kama laki tano ni yako, chagua chochote hapo juu. Kama ni ya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, dagaa wa kiangazi au mawese ya kupima, kwa sababu marejesho yanaanza mapema. Kama ni ya hawa wanaoitwa kausha damu, wanaotaka rejesho kila wiki, basi hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kulibeba bila wewe kuuza kitu cha ndani, na mawese ya kuweka ndiyo yatakayokuua haraka zaidi. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, isiyo na riba, ilisimamishwa Aprili 2023 kisha ikarudishwa. Mgao wake ni nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ina foleni na makaratasi, na wanawake na vijana huipata kwa kikundi, lakini kwa kununulia chanja za wavu au mashine ya kukamulia ningesubiri foleni hiyo kuliko kukimbilia kausha damu.

Yule mlinzi wa Kasulu, ambaye miaka ya nyuma alishona kidogo kwa mjomba wake, nimemwambia anunue cherehani ya mkono wa pili na asiguse kilichobaki kwa miezi miwili. Mama lishe tayari ana meza, moto na wateja wa jioni. Akae na madumu mawili ya mawese pembeni ya chapati, apime. Wala asiache chapati.

Shemeji anataka dagaa. Nimemweleza ya Desemba, amecheka, anasema mimi sikuwa makini. Ana mtu wa kuaminika Dodoma, na hilo kwa kweli mimi sikuwa nalo. Tumekubaliana aweke laki mbili tu mwanzo, aanze baada ya 15 Agosti, wiki ya giza, na aanike kwenye chanja ya kukodi kabla ya kujenga yake. Laki tatu ameshika dada yangu, na kwa ninavyomjua dada yangu, huko zimefika salama kuliko benki.